Chombo Hakirudi Kitupu

Saa nne asubuhi basi la Musoma lilisimama stendi ya Buzuruga kwa dakika kumi, na Odeta akauza vifungashio thelathini na viwili vya sato na ugali. Alivikunja mwenyewe kila alfajiri kwa majani ya mgomba aliyoyababua motoni hadi yakalainika. Kila kimoja kilikuwa na vyumba viwili, ili mchuzi usilowanishe ugali, na kamba ya mgomba ya kuning'iniza kwenye kiti cha mbele. Kwenye kona moja alikunja kikombe cha maji ya kunawa, mafunda mawili hivi, na hayakumwagika hata basi liliporuka mashimo ya Kisesa. Odeta ni mtu wa mashoto, kwa hiyo kifuniko kilifunguliwa kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukabaki safi kwa ajili ya tonge. Abiria hawakusema kifungashio. Walisema, "Nipe odeta mbili."

Jioni odeta zilirudi. Zilirudi zenyewe, kutoka Magu, kutoka Bunda, zikifuata ukingo wa barabara na kusimama kupisha malori ya pamba. Zilizoliwa karibu zilifika kwake Buswelu kabla ya saa kumi na mbili, zikapita uani, zikajilaza kwenye mashina ya migomba na kuanza kuoza. Za Musoma zilifika kesho yake, na nani angezilaumu, ni mbali.

Odeta ni Mjita, na kwao chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa mboga kwenye bakuli, bakuli unalirudisha na chochote, hata chumvi ya kuchota kwa vidole. Odeta zilikuwa na adabu hiyo hiyo. Zilirudi na punje za choroko, na kifungo cha shati, na siku moja jino la mtoto lililofungwa kwenye karatasi ya daftari. Odeta alishukuru kila kimoja na kukitia kwenye chungu.

Nestory alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao alipofariki Odeta alikuwa na miaka kumi na sita, akamlea mpaka akamaliza chuo, na waliomsomesha ni sato hao hao. Mwaka 1995, soko huria liliposhika kasi na kila sebule yenye dirisha la barabarani ikageuka duka, Nestory aliajiriwa na mwekezaji aliyenunua ghala bovu la pamba kando ya ziwa na kujaza mitambo ndani. Jumapili moja alikuja Buswelu, akala, akafuta midomo.

"Dada, dunia imebadilika," alisema. "Nionyeshe unavyokunja, nikuandikishie uvumbuzi huo serikalini kwa jina lako, kabla mjanja hajakuwahi."

Ng'washi, jirani aliyeuza chapati pale stendi, alimwambia Odeta asiharakishe. Odeta akamjibu kwamba huyo si mjanja, huyo ni mtoto wake. Akaweka mikono yake juu ya mikono ya Nestory, kama siku alipomfundisha kufunga kamba za viatu, wakakunja pamoja mara tatu, polepole. Alimwomba jambo moja tu: siku kifungashio kitakapotangazwa, aseme mbele za watu mkono uliobuni ni wa nani. Nestory akasema, dada, hilo nalo la kuomba?

Miezi mitatu baadaye kiwanda kilizindua kifungashio cha plastiki nyeupe. Kilikuwa na vyumba viwili, kishikio, na kikombe kwenye kona. Kilifunguliwa kwa mkono wa kushoto, ingawa kiwanda kizima hakikuwa na mtu wa mashoto hata mmoja. Nestory alisimama kwenye kipaza sauti akiwa na suti, akaeleza kwamba wazo lilimjia akiwa safarini, ana njaa. Odeta alikaa safu ya nyuma na kitenge kipya, akisubiri atajwe. Alisubiri mpaka viti vikaanza kukusanywa, na aliyekuja kukusanya akamwomba anyanyuke.

Iliuma. Sina namna nyingine ya kulisema. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nguo yenyewe alifuliwa na Odeta.

Kesho yake jioni vifungashio vya plastiki vilirudi, na vilirudi kwa Odeta. Vilipita mbele ya geti jipya la Nestory bila kugeuza shingo, vikapanda Buswelu kwa mstari, mia, kisha maelfu. Vyote vilikuwa vitupu. Vilijilaza kwenye mashina ya migomba kama wenzao wa majani, ila havikuoza. Masika yalipoanza, migomba ilikuwa imezama hadi kiunoni, na majani yake yalitoka membamba na ya njano, yasiyofaa kukunja hata mfuko wa karanga.

Bwana afya wa kata, Masalu, alikuja na daftari. Alimwamkia Odeta shikamoo, akaelezwa yote, akaandika yote. Hakuona tatizo katika maelezo. Vitu humrudia aliyevibuni, alisema, hilo hata kwao Magu lipo.

"Sasa mama, chagua mwenyewe," akasema. "Ukisema si vyako, naandika ni vya Nestory, na uvumbuzi ni wake. Ukisema ni vyako, basi na takataka ni zako, utazizoa."

Odeta aliomba kalamu. Aliandika kwamba ni vyake, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Masalu akampa amri ya kuzoa uchafu wa mji mzima, akashukuru kwa maji ya kunywa, akaondoka.

Jumapili iliyofuata Odeta alikata jani zima la mwisho lililobaki shambani. Alilibabua, akalikunja, akatia sato mkubwa kuliko wote, akampelekea Nestory nyumbani. Hakuwa na neno la kutuma. Alitaka tu kuona kitakachorudi. Ng'washi alimwambia anajitafutia maumivu, kisha akaleta kigoda akasubiri naye.

Vya plastiki viliingia tangu saa tisa, kimoja kimoja, vikisukumana langoni. Jani lilifika la mwisho, limechanika pembeni. Odeta alilipisha njia, akaliinua, akalifungua kwa mkono wa kushoto. Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliisoma kwa sauti kwa sababu Ng'washi hakuwa na miwani.

"Dada, shikamoo. Samaki alikuwa mtamu, Mungu akuzidishie. Ile kona ya maji, ya kwetu kiwandani bado inavuja. Naomba unikunjie nyingine polepole, Jumatatu fundi aje aangalie."

Odeta aliikunja tena karatasi mara nne, akaitia kwenye chungu pamoja na choroko na jino la mtoto, kwa kuwa chombo hakikurudi kitupu. Kisha akalilaza jani kwenye shina, akachukua fagio, na kusogea kando ili vilivyobaki nje viingie.