Abat-jour Iliyotaka Kuichinja Alhamisi

Usiku wa jana niliota, na ninaandika ili mwenye binti mjamzito asome kabla hajaiweka ile kofia ya taa nyumbani. Kwa Kifaransa ni abat-jour. Mume wangu aliinunua, nami nikaivisha taa ya chumba cha Nsimire, binti yetu, ambaye siku zake zimekaribia.

Ndotoni Nsimire ananiita: "Mama, siku yangu siioni."

Nageuka, chumba kimekuwa abattoir, yaani machinjio, pale tunaponunua utumbo. Siku zimefungwa kamba kama mbuzi. Jumatatu imeshachunwa. Jumanne na Jumatano zinaning'inia. Abat-jour amevaa aproni, ananoa kisu.

"Karibu, Mama. Nikukatie paja?"

"Unachinja nini?"

"Siku. Jina langu hulisikii? Abat, kama abattoir. Jour, siku. Jana umelitamka mwenyewe, tena mbele ya majirani."

Anavuta kibuzi cheupe. Kinalia kama mtoto mchanga. Shingoni kimeandikwa: Alhamisi.

"Hiyo ni ya Nsimire!" napiga kelele. "Mkunga alisema Alhamisi. Mjukuu wangu atazaliwa siku gani?"

"Atakaa humohumo. Wengine huzoea."

Nsimire yuko juu ya mizani ya nyama. Tumbo linagusa dari. "Mama, fanya haraka. Mtoto ameanza kuota ndevu."

Nalia. Hapo dirisha la abattoir linakohoa, dirisha la zamani, lenye ubao ulioinama wa kushushia mwanga.

"Wewe mtoto! Nani amekufundisha kuchinja? Ulizaliwa hapa kwangu, kabla ya kuzijua taa. Jour yako si siku, ni mwanga wa mchana. Na hiyo abat ni kuangusha tu. Tulikutuma uushushe mwanga uwafikie watu chini. Kisu umekitoa wapi?"

"Bibi, jamani, mbele ya wateja?" Abat-jour anaona haya, mkono unamteleza. Nakinyakua kibuzi. Kisu kinakata ncha ya sikio lake.

Nikaamka. Kwanza niliivua ile kofia ya taa, nikaitupa uani. Nilikuwa bado mlangoni Nsimire alipoita:

"Mama, chupa imepasuka!"

Kumekucha, ni Alhamisi. Nikakimbilia kanga zake, zimetundikwa kando ya kalenda. Kisanduku cha Alhamisi kimekatwa kona, kidogo tu. Penye mkato umeganda unyoya mmoja mweupe, mgumu, wa mbuzi.