Mirija Sita, Chungu Kimoja

Siku ile mpumbavu alikuwa Mwalimu Osire, na tulimalize hilo mapema, maana mwenyewe alichukua juma zima kulikubali. Alikuwa mtu wa Busia, upande wa Kenya, akifundisha kemia katika shule moja ya Tororo, Uganda, mwaka wa 1957, na kwa utani hakuwa na mpinzani. Ulimi wake ulikuwa wembe. Ubaya wa wembe, hauchagui kichwa cha kunyoa.

Ubaoni alichora benzeni: kaboni sita zimeshikana duara, hapa kwa kifungo kimoja, pale kwa viwili, hivyo hivyo mpaka duara likafunga. Kando akachora duara la pili, penye kimoja pakawa na viwili, na penye viwili kimoja. Akasema benzeni hurukaruka kutoka mchoro huu kwenda ule, kwa kasi isiyoonekana, na hiyo ndiyo rezonansi.

Ofwono akanyoosha mkono. Huyu alikuwa mwanamume wa miaka ishirini na mitatu kutoka Paya, aliyeanza shule kidevu kimeshaota ndevu. Akauliza: kama vinaruka, mbona vipimo vinaonyesha pande zote sita zina urefu mmoja? Yeye alidhani hakuna kinachoruka. Elektroni za vifungo vile si mali ya kaboni mbili mbili, ni za duara zima kwa wakati mmoja, kama kongo, ile pombe ya ulezi ya kwao inayonyonywa pamoja: mirija sita, chungu kimoja.

Osire angeweza kufikiri kidogo. Badala yake akanusa hewa, akaliambia darasa lifungue madirisha, mwenzao kaja amelewa. Darasa likaangua kicheko. Ofwono akakusanya daftari zake, akaenda kwao, na hakurudi.

Alhamisi kikafika kitabu kipya kutoka Kampala. Ukurasa ulisema wazi kwamba michoro ile miwili ni udhaifu wa kalamu zetu tu. Kitu chenyewe ni kimoja siku zote, si huu wala si ule, na elektroni zimetandaa duara zima. Osire aliusoma mara tatu akitafuta mlango wa kutokea. Hakuupata. Masikio yakamwaka moto. Tangu hapo kila akishika chaki aliona kama nayo inamcheka. Na fomu za mtihani wa chuo cha Kampala zilikuwa zinafungwa Jumatatu, bila sahihi ya Ofwono, mwanafunzi wake bora.

Jumamosi akapanda baiskeli hadi Paya, akiisuka hotuba ya kuomba radhi njia nzima. Aliwakuta wamekizunguka chungu: Ofwono, mama yake, aitwaye Aboth, na majirani watatu. Hotuba akaiacha kwenye baiskeli. Hakuna aliyemuuliza kilichomleta. Aboth aliongeza maji ya moto chunguni, akamsogezea kigoda na mrija wa sita. Wema ule ulimchoma kuliko tusi.

Akanyonya mafunda mawili, macho chini, kisha akaitoa fomu mfukoni. Ofwono hakuipokea. Alisema kwa adabu kwamba yeye ataitia sahihi baada ya mwalimu kukiri kosa mbele ya darasa lilelile lililocheka.

Osire akaziona akilini nyuso arobaini za darasa zikimngoja. Aibu ikampanda, na aibu ikimpanda mtu hukimbilia ubishi.

"Lakini mama," akamgeukia Aboth, "kosa langu ni kubwa hivyo? Mimi nilisema ni zamu. Mara unashirikiana na jirani wa kulia, mara wa kushoto. Zamu zikienda mbio, nani atajua tofauti?"

Majirani wakaacha kunyonya. Ofwono akatazama miguu yake.

Aboth akautoa mrija mdomoni taratibu, akaufuta ncha kwa kidole.

"Basi toa wako, mwalimu. Kaa ungoje zamu yako, halafu utuambie nani amejua tofauti."