Vidole Viwili Ndani ya Mshono

Haya, kabla hujakaa vizuri nifumbulie hiki: nina mgeni ndani, nikimpa anataka, nikimnyima anataka, na siku aliyosema hataki nilikimbia kumwita daktari. Ni nani huyo?

Umesema mtoto? Umekaribia, lakini siye. Mume? Hebu nipishe. Ni tumbo. Na huyu ninayetaka kukusimulia habari zake aligombana na tumbo lake mwaka jana, nami nikaenda kuwaamua kwa njia ambayo mpaka leo nikiikumbuka nainamisha kichwa.

Ni mjukuu wangu wa kwanza. Wazazi wake walitangulia, nikamlea mimi tangu ananyonya kidole. Sasa ana miaka thelathini na minne na bado tunakaa pamoja, vyumba viwili na ukumbi ambao nusu yake imeliwa na cherehani yangu. Mimi ni fundi wa nguo. Yeye ni mpishi katika shule ya bweni, wanafunzi mia nne, sufuria ambazo ukiinama kuzisugua unapotelea ndani. Mwenyewe alizoea kusema, "Mpishi mwembamba ni kama kinyozi mwenye nywele timtim. Nani atamwamini?"

Basi magoti yakaanza kumuuma, na kiu haikatiki. Akaenda kliniki. Mizani ya pale iko kwenye korido, mbele ya benchi la wagonjwa. Alipopanda, nesi akasoma kwa sauti ya mnadani: "Mia moja na nne." Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi akamwambia, "Binti, nigawie hata kumi, mimi suruali inanikimbia." Watu wakacheka, naye akacheka nao. Alipofika nyumbani alikaa kitandani na viatu vyake miguuni, akalia mpaka leso ikaloa.

Daktari alikuwa amemwambia sukari imepanda. Alimpa vidonge vya kumeza kila siku, akamtaka abadilishe ulaji, apungue, kisha arudi baada ya miezi mitatu.

"Nitafanya yote, Bibi," aliniambia. "Ila mizani sipandi tena mpaka siku hiyo. Mizani yangu itakuwa gauni la kazi. Likilegea nitajua nimepungua."

Gauni lenyewe la bluu, nilimshonea mimi. Wakati huo lilikuwa limembana hata akiinua mkono kufikia rafu, mshono unalia.

Lazima nimsifu, alijitahidi. Chai bila sukari, akiinywa huku amefumba macho. Sahani kubwa akaifungia kabatini, akawa anakula kwenye kisahani, mboga nyingi, wali wa kuhesabu. Mtihani ulikuwa kazini, maana mpishi lazima aonje. Siku moja alihesabu, akakuta kabla ya chakula cha mchana ameshaonja mara kumi na saba, na wao kule wanaonja kwa upawa. Akaanza kuonja kwa ncha ya kijiko cha chai. Mpishi mkuu wao, mama mmoja mwenye mdomo, akamuuliza, "Mwenzetu, unayaonja maharage au unayabusu?" Jioni alirudi kwa miguu, akifika ananyoosha nyayo ukutani na kuguna.

Wiki ya tano ikaingia. Gauni liko vilevile.

"Bibi, naacha," akasema Jumapili moja, akisukuma kisahani. "Njaa naiona, faida siioni. Kuanzia kesho nakula kama watu."

Niliogopa. Dada yangu nimemzika kwa sukari hiyohiyo, tena ilimla kidogo kidogo, mguu kwanza. Nikamwambia mjukuu wangu avumilie hata wiki moja zaidi. Akaniambia uvumilivu nao una mwisho wake.

Sasa sikiliza nilichofanya. Fundi anayejua kazi hashoni nguo mpaka ukingoni mwa kitambaa. Huacha akiba ndani ya mshono, vidole viwili kila ubavu, maana mwili wa mtu haukai mahali pamoja. Jumamosi alipokwenda sokoni nilichukua wembe, nikafumua mbavu zote mbili za gauni, nikashona upya nikiachia nusu kidole huku na nusu kidole kule. Nikapiga pasi, nikalitundika palepale. Nikajiambia, namtia moyo tu. Akiona faida atakaza mwendo, na mwili wenyewe utakuja kulikuta gauni mbele.

Jumatatu asubuhi alilivaa, akaingiza mkono ubavuni, ukapita.

"Bibi," akasema polepole, "njoo uone."

Kabla sijafika akanibeba juu juu, mimi na mifupa yangu.

"Niweke chini, mke mwenza, utanivunja na babu yako hayupo wa kuniunga."

Wiki ile aliimba bafuni. Wiki ya saba nikaachia tena nusu kidole, akaimba zaidi. Nilidhani mtu akifurahi hukaza. Kumbe mtu akifurahi hupumzika. Kisahani kikarudi kabatini, sahani kubwa ikatoka. Mkate ukaanza kuja nyumbani mfukoni mwake, kwanza nusu, halafu mzima. "Mwili umeshajua njia," alisema, akipaka siagi. Na jikoni kwao upawa ukarudi mdomoni.

Gauni halina unafiki, likaanza kumbana upya. Hapo ningeliacha limbane mwenyewe aone. Lakini nikawaza, akiuliza limebanaje ghafla nitasema nini? Uongo una watoto, nao wanataka kulishwa. Nikafumua mara ya tatu, nikaachia vyote vilivyobaki. Sasa ubavuni kulikuwa na mstari wa bluu kali, kitambaa ambacho hakijawahi kuona jua.

"Bibi, mbona hapa rangi haijapauka?"

"Jua halifiki kwapani," nikamjibu, na mguu wangu ukaendelea kukanyaga cherehani.

Akajigeuza mbele ya kioo, huku na huku. Kisha akaniuliza, na sauti yake haikuwa ya utani: "Hebu sema kweli. Wewe kwa macho yako, unaniona nimepungua?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikatikisa kichwa namna ambayo si ndiyo wala si hapana. Pini zenyewe zilikuwa mbili tu, ningeweza kuzitoa.

Aliuliza tena jioni akiosha vyombo. Nikamtegea kitendawili. Akacheka, akaanza kukitafutia jibu, na swali lake likabaki mle kwenye beseni pamoja na vikombe.

Siku chache kabla ya tarehe ya kliniki nilikuwa natandika kitanda chake nikaikuta pakiti ya vidonge chini ya mto. Safu mbili nzima hazijaguswa. Nikamwonyesha.

"Hivyo ni vya wagonjwa," akasema. "Gauni limekuwa gunia, Bibi, mimi bado nimeze dawa? Nimeacha wiki ya tatu sasa. Na kliniki siendi. Nikasomewe kilo mbele za watu kwa lipi?"

"Daktari alisema urudi."

"Alisema nirudi tuone kama nimepungua. Si tumeshaona?"

Usiku ule na uliofuata nililala macho wazi, nikimsikia akiamka kwenda chooni, akirudi anapitia kwenye jagi la maji, tena na tena. Nilipiga hesabu zangu pale gizani. Nikisema, mtoto huyu atajua kwamba mtu pekee aliyebaki naye duniani alimdanganya kwa miezi miwili, na zile wiki tano za jasho lake la kweli nazo atazitilia shaka. Nisiposema, kliniki haendi, na dawa hamezi.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kliniki. Jumatano alirudi mapema, akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha wateja. Mimi uzi umenitoka kwenye sindano.

"Nitungie, mwanangu."

Akalainisha ncha ya uzi kwa ulimi, akaipeleka kwenye tundu. Ikapita pembeni. Akajaribu tena, ikapita pembeni. Akahamia dirishani, akainua sindano kwenye mwanga wa saa tisa, mwanga mweupe kabisa. Mara tano. Mara ya sita akajidunga kidole.

"Moshi wa jikoni," akasema. "Tangu juzi naona ukungu ukungu. Nazeeka kabla yako, mke mwenza."

Akacheka peke yake. Dada yangu naye, macho yake yalipoanza kufifia, alikuwa anasema ni vumbi.

Nikamtoa sindano mkononi. Nikaichomeka kwenye mto wa pini, nikaufunika mdomo wa cherehani, nikakosa kitu kingine cha kufanya. Akaanza kuninunia kidogo.

"Mbona unaniangalia hivyo? Nina nini?"

"Uliniuliza kama nakuona umepungua."

"Nilikuuliza mara mbili. Ukanitegea kitendawili, tena hukunipa hata jibu lake."

"Kitendawili kiache." Mikono yangu ilikuwa inatafuta pa kukaa, nikaushika ule ubavu wa gauni lake, pale penye mstari wa bluu kali. "Hujapungua, mjukuu wangu. Gauni nimeliongeza mimi, mara tatu, wewe ukiwa sokoni."