Pini ya Verna Stallcup

Verna Stallcup alimchoma Mnyongaji pini ya kofia Jumatatu jioni, mbele ya ukumbi mzima wa Chattanooga, na hakuona haya hata kidogo. Mnyongaji ndiye aliyekuwa balaa la mieleka mjini: jitu la kinyago cheusi na vazi jeusi toka shingoni hadi miguuni, halisemi neno, linatia watu vidole machoni refa akigeuka tu. Jioni hiyo lilikuwa limemkaba Rex Tolliver, kipenzi cha akina mama, kwa kamba ya ulingo. Yakamfika Verna shingoni. Akachomoa pini kofiani, akainuka kwenye kiti chake cha mbele, akaizamisha kwenye tako la jitu lile.

"Mwongeze, Verna!" akapiga kelele Opal, jirani yake. "Mwongeze na la pili!"

Jumanne mchana mwanawe Delbert alikuja kula kwake kama kawaida. Delbert naye alikuwa mpiga mieleka, kama kupigwa nako ni mieleka. Alipigana pambano la kwanza, watu wakiwa bado wanatafuta viti, na kila wiki alibwagwa. Verna hakuwahi kumwona akiinuliwa mkono hata mara moja. Akishabwagwa alitoweka, hangoji hata kumrudisha mama yake nyumbani. Sasa Verna alikuwa amemwombea kazi kiwanda cha soksi, na alikuwa amekata shauri: leo mtoto hatoki mezani bila kukubali kuacha upuuzi ule.

Lakini kwanza alitaka kujisifu.

"Umesikia nilichomfanya yule shetani?"

"Nimesikia, mama. Mji mzima umesikia."

"Aliruka hivi!" Verna akaruka, maharage yakamwagika. "Nikamwambia, leo utalala kifudifudi, mshenzi wewe! Mbona hukai?"

"Nimechoka kukaa. Nimeendesha gari asubuhi yote."

"Chakula changu hakiliwi wima kama farasi. Kaa."

Delbert akakaa, upande mmoja, taratibu, jasho likimtoka. Alipojinyoosha kuchukua mkate wa mahindi akaguna, akainuka haraka. Kwenye mto wa kiti palikuwa na doa la damu mbichi.

Verna akalitazama lile doa. Kisha akamtazama mwanawe, mabega yale, shingo ile.

"Delbert. Niambie si wewe."

Delbert akaanza kulifuta doa kwa kiganja.

"Geuka. Teremsha suruali."

"Mama, mimi ni mtu mzima..."

"Teremsha!"

Tundu lilikuwa palepale alipolenga, limevimba, limepakwa dawa ya njano. Huyu alimzaa, akamwogesha, akamfundisha kutembea. Na jana, akiwa karibu naye kiasi cha kumgusa, alimchukia kwa moyo wake wote na asimtambue. Alimchoma kisha akacheka.

"Nani amekupaka dawa?"

"Rex."

"Rex yupi? Huyo uliyekuwa unamnyonga?"

"Ni rafiki yangu. Tunapanga kabla, mama. Nani aanguke, nani ashinde, yote yanapangwa. Mimi hubwagwa mapema ili nipate nafasi ya kuvaa kinyago."

Rex ambaye Verna alimwombea kanisani!

"Na ule umati wote," akasema, "unaojaza ukumbi kila wiki..."

"Unakuja kumzomea Mnyongaji."

"Unakuja kwa ajili yako."

"Basi, ndiyo," Delbert akasema, akitazama sahani, kama mtu aliyekiri kumaliza sukari ya nyumba.

"Na mimi mama yako hukuniambia!"

"Tumeapa. Hata mzazi haambiwi. Neno moja likimfikia Opal, sina kazi tena, hapa wala kwingine. Na si neno tu, mama. Wiki ijayo ukikaa kimya, watauliza kulikoni."

Habari ya kiwanda cha soksi Verna hakuitaja.

Jumatatu iliyofuata Mnyongaji alipanda ulingoni akichechemea, ukumbi ukalipuka kwa kuzomea. Verna alikaa, mikono mapajani. Sasa aliliona kila jambo: namna anavyoinamisha kichwa, namna anavyokunja ngumi ya kushoto. Alijiuliza aliwezaje kuwa kipofu kiasi kile.

"Vipi wewe?" Opal akamgeukia. "Umeugua? Leo humtukani?"

Watu wa nyuma nao wakaanza kumwangalia. Kule kwenye kamba Mnyongaji alikuwa amesimama, na kupitia matundu ya kinyago macho ya mwanawe yalikuwa yakimsubiri.

Verna akasimama.

"Alaaniwe mama aliyekuzaa!" akapaza sauti kuliko siku zote. "Alaaniwe! Hakujua alichokizaa!"

Ukumbi ukaangua kicheko na makofi. Mnyongaji akamtikisia ngumi. Verna akaendelea kutukana huku machozi yakimtiririka, na Opal akampigapiga mgongoni, akidhani ni hasira.