Kunguru Aitwaye Kumbukumbu

Steinvor alikuwa akipaka samaki mkavu siagi kunguru alipotua dirishani na kusema kwa sauti ya Una, "Kaka, nifungulie." Steinvor akampa utumbo wa kondoo. Kule kaskazini mwa Aislandi kila shamba lina kunguru wake wawili, na kuwanyima makombo ni kujitafutia mkosi.

Majina aliwapa yeye mwenyewe, ya wale kunguru wa Odini, mungu wa kale, waliozunguka dunia nzima na kumrudishia habari: Hugin, maana yake fikra, na Munin, yaani kumbukumbu. Hugin alihama majira ya baridi yale Una alipokufa. Munin alibaki, akaanza kusema.

Una alikuwa binti wa Steinvor. Alipopata mimba bila mume, kaka yake Hallvard, mwenye shamba, alimtoa nje kwenye theluji, akakomea mlango. Steinvor alikuwa ndani, na hakuinuka. Padri aliambiwa msichana alipotea akitafuta kondoo, naye akaona heri aamini.

Sasa Gudny, mke wa Hallvard, alikuwa amejifungua binti, na Una alimjia ndotoni kuomba mtoto apewe jina lake. Marehemu akiomba jina, mtoto hupewa.

"Mpe, mwanangu," Steinvor alisema. "Hata kaburi hana. Angalau aitwe na mtu."

"Niliite jina hilo asubuhi na jioni humu ndani? Mama, acha."

"Kaka, baridi," Munin alisema.

"Na wewe kula unyamaze," Hallvard alimwambia, akamrushia kipande cha mafuta. Gudny aliendelea kunyonyesha.

Jumapili padri alikuja kubatiza. Hallvard alisimama mbele ya majirani, akatangaza kuwa mtoto ataitwa Steinvor, kwa heshima ya mama yake.

"Hongera, bibi!" walimwambia. "Umepata wajina ungali hai! Mwana kama huyu wangapi wanaye?"

Steinvor alitaka kusema jina lingine, aliseme pale pale, padri akisikia. Lakini alikuwa akila chakula cha Hallvard, na nje theluji ilikuwa imeanza. Akasema asante.

Munin alikuwa bado dirishani, akiita. Watu walisogeza viti wapate kupitisha sahani.

"Mama, funga hilo dirisha," Hallvard alisema kwa upole. "Mtoto atapata baridi."

Steinvor akafunga.