Pai ya Plamu ya Mzee Emil

Siku ya kura Janelle Pospisil alioka pai kumi na nne, na moja kati ya hizo ndiyo iliyomtia hofu.

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya Klenova, mji mdogo wa wakulima. Watu wakija kupiga kura kwenye ukumbi wa michezo wa shule, wanawake wa jikoni wanapanga meza kwenye bwalo, mlango wa pili, wanauza supu ya maini, kahawa na kolachi, vile vimkate vitamu vya mbegu za popi. Saa sita mchana pai zinanadiwa, na fedha yake inanunua vitabu au viatu vya timu ya mpira. Sheria ilikataza kuzungumzia kura karibu na sanduku, kwa hiyo siku nzima watu walizungumzia maganda ya pai. Asiyewajua angedhani wamekuja harusini.

Janelle ndiye mpishi wa shule hiyo. Alikuwa na cheti cha kufanya kazi nzuri zaidi mjini Ostrander, na mshahara wa huko ungemtosha kuezeka nyumba upya. Hakwenda. Binti yake Tessa, wa miaka minane, ana ugonjwa wa sukari ule wa utotoni, wa sindano, na sukari yake hushuka ghafla kama ndoo iliyokatika kamba. Darasa la Tessa lilipakana na jiko. Mara ngapi Janelle alikuwa anakoroga mchuzi, mwalimu akagonga ukuta mara mbili, naye akakimbia na juisi mkononi, aproni ikiwa bado kiunoni. Hatua kumi na tisa. Alishazihesabu.

Basi kura ile ilikuwa ya hatua hizo kumi na tisa.

Shule ilikuwa ya watu wa pale wenyewe. Watoto sabini na watatu, kuanzia chekechea hadi darasa la mwisho. Bodi ilikuwa ya watu sita waliochaguliwa na majirani zao, wakulima wanne, muuza mbegu mmoja na mnadi ng'ombe mmoja, wasiolipwa hata senti. Walikaa kila Jumatatu ya pili ya mwezi kwenye maktaba, kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu. Hao ndio walioajiri mkuu wa shule, ambaye pia aliendesha basi na kuzibua vyoo. Fedha ilitoka kwenye kodi ya ardhi. Jimbo halikuleta kitu cha maana, maana kwenye vitabu vya jimbo watu wa Klenova walikuwa matajiri: ardhi yao imepanda bei mara tatu tangu watu wa mbali waanze kuinunua. Ila mkulima hali bei ya ardhi. Anakula mahindi, na mahindi yalikuwa yameshuka. Ardhi itamlipa siku atakapoiuza tu, na mpaka siku hiyo ni yeye anayeilipia.

Sasa jimbo limeweka kikomo cha kodi, na ndani ya kikomo hicho shule haiwezi kuishi. Kukivuka, bodi lazima iwaulize watu kwa kura ya siri, kila baada ya miaka mitano. Walishaulizwa mara tatu. Mara tatu walilalamika, wakakunja nyuso, wakakubali.

"Itapita tu," alisema Lavonne Hauschild, karani wa bodi, akichovya kolachi kwenye kahawa. "Hawa wananung'unika kama ng'ombe wa kukamuliwa, lakini maziwa wanatoa."

"Safari hii hawanung'uniki," Janelle akamjibu. "Ndiyo naogopa."

"Shoga, wewe ukikosa la kuogopa unaogopa ukimya."

Saa sita Delmar Zoubek alipanda juu ya kiti. Ndiye mwenyekiti wa bodi, na kazi yake hasa ni kunadi ng'ombe, kwa hiyo ulimi wake ulikimbia kuliko masikio ya watu. Pai ya kwanza ilikwenda dola arobaini. Ya pili sitini. Mwaka ule watu walikuwa na mkono wazi ajabu, na wanawake wa jikoni wakawa wanakonyezana kwa furaha.

Katika zile za Janelle ikafika ya plamu, aliyofundishwa na marehemu mama yake.

"Hamsini," alisema mtu.

"Mia tatu na hamsini," ilisema sauti ya nyuma.

Watu wakageuka. Alikuwa Emil Kubicek, baba yake Janelle, mzee wa miaka sabini na mmoja, kofia mkononi. Mtu huyu alinyoosha misumari iliyopinda ili aitumie tena.

"Mzee Emil," alisema Delmar, "umesikia vizuri? Hii ni pai, si ndama."

"Ndama nawajua kuwapigia bei. Andika."

Bwalo lote likacheka, wakampigia makofi. Mwanamke mmoja akamwambia Janelle, "Una baba wewe." Janelle akatabasamu, akaifunga pai kwa karatasi, lakini hakufurahi.

Maana alimjua. Alipokuwa na miaka kumi na mitano, alimlea mtamba mmoja kwa chupa ili ampeleke kwenye maonyesho. Akarudi siku moja shuleni akakuta zizi tupu. Baba alikuwa amemuuza bila kumwambia. Kesho yake palikuwa na tandiko jipya la farasi kitandani kwake, la ngozi, la bei ya kutisha. Na mama alipokuwa hospitali, wiki ya kuvuna, baba alisema, nitakuja kesho, na kesho hiyo ilikuwa imechelewa. Kaburi la mama lina jiwe kubwa kuliko yote ya Klenova, hata la padri halilifikii. Emil Kubicek hakujua kuomba msamaha kwa mdomo. Alilipa.

Sasa amelipa dola mia tatu na hamsini. Kwa lipi?

Alitamani kumuuliza. Akamtazama anavyotoka na pai yake kifuani, kwa uangalifu, kama amebeba kuku anayeatamia. Hakumuuliza. Kura ni siri ya mtu, na Klenova mtu haulizwi kura yake, hata na mkewe. Tena ilishapigwa.

Asubuhi yake alikuwa anamenya viazi Lavonne alipoingia na koti bila kulifunga vifungo. Hakusema habari ya asubuhi. Alivuta ndoo akaigeuza, akaikalia.

"Mia moja na moja wamekubali. Mia moja na kumi na tatu wamekataa."

Janelle aliendelea kumenya. Ganda lilitoka refu, moja, likaning'inia.

"Wangegeuka watu saba tu, ingepita," alisema Lavonne. "Saba. Mezani pale walikula zaidi ya mia mbili. Nani alikula supu yangu akaenda kunizika?"

Wiki ile Janelle alisikia maajabu. Kila aliyekuja alimwambia, mimi nilikubali. Dukani, kanisani, kwenye pampu ya mafuta, watu walimshika mkono: pole sana, mimi nilikubali, na mume wangu pia. Ukiwajumlisha wote, kura ingepita na ziada. Hakuna aliyesema alikataa. Wala hawakuonekana waongo. Walionekana watu waliofiwa.

Siku ya tano alikwenda kwa baba yake. Alimkuta jikoni, na pai ilikuwa mezani, kwenye karatasi ile ile. Haijakatwa. Pembeni plamu zilianza kuota ukungu.

"Hukuila," alisema Janelle.

"Sijapata nafasi."

"Siku tano, baba."

Emil alipangusa meza iliyokuwa safi. Dirishani upepo wa Machi ulikuwa unasukuma theluji chafu kwenye uzio.

"Sikuulizi," alisema Janelle. "Sitakuuliza. Nataka tu unitazame."

Hakumtazama. Alisema akiiambia meza, "Elfu kumi na nane, mwanangu. Mwaka jana nililipa kodi elfu kumi na nane, na mahindi yakanipa tisa. Niliuza ng'ombe. Unakumbuka niliuza ng'ombe? Nikilalamika huko jimboni wananiambia mimi tajiri. Nikasema, acha wasikie. Acha safari hii kura ipite kwa shida, kwa kura mbili tatu, ili wale wakubwa waone watu wamechoka."

"Ipite."

"Ndiyo, ipite. Nani alisema isipite? Huwa inapita. Nilijua Delmar atakubali, na kina Hauschild, na wote wenye watoto. Nilidhani ni mimi tu nitakayekataa. Mimi na Vencil, maana yeye hukataa kila kitu."

Janelle alivuta kiti akakaa. Aliwaza ile foleni kwenye ukumbi: watu wazima, waungwana, kila mmoja akiingia kibandani na siri moja ile ile, kila mmoja akimwachia jirani yake kazi ya kukubali, kisha akatoka kununua pai kwa bei ya juu.

"Na Tessa?" aliuliza.

"Nilimfikiria."

"Ulimfikiria ukaweka alama."

"Nilidhani itapita," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa ndogo mno kwa mwili wake.

Aprili bodi ilikaa. Haikukaa maktaba, watu walikuwa wengi. Ilikaa bwaloni, kwenye meza zile zile. Delmar alisoma taratibu, mtu wa mnada akisoma kama aliyejifunza jana. Shule itafungwa Juni. Eneo lake litaunganishwa na Ostrander, maili arobaini na sita. Kila mtu aliruhusiwa dakika tatu za kusema. Waliosimama walilia. Wazee waliohitimu pale, na watoto wao, na wajukuu, walisema mji utakufa. Emil alikaa nyuma na kofia yake magotini, hakusimama. Vencil alisimama.

"Mimi nilikataa," alisema. "Nasema wazi. Ila naona hapa ndani nilikataa peke yangu. Basi kura yangu ni nzito kweli."

Hakuna aliyecheka. Mkono baada ya mkono, watu sita waliafiki, na Delmar alipoinua wake aliuangalia kama si wake.

Ostrander hawakuhitaji mpishi. Janelle alipata kazi ya kufua kwenye nyumba ya wazee, upande wa pili kabisa, maili thelathini kuelekea magharibi. Tessa alianza kupanda basi saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Shule mpya ilikuwa na nesi, Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine alikuwa wa shule nyingine. Janelle aliandika karatasi yenye maelekezo yote, akampa dereva, akampa mwalimu, akampa karani, akabandika nyingine ndani ya mkoba wa mtoto.

Mnamo Oktoba, siku ya Ijumaa, basi likiwa katikati ya mashamba pasipo mtandao wa simu, sukari ya Tessa ilishuka. Dereva alisoma ile karatasi neno kwa neno. Alimpa juisi. Ilimwagika nusu, nusu ikapita. Walikaa pembeni ya barabara ya changarawe dakika arobaini, mpaka sukari ikapanda, mtoto mmoja akimshika Tessa kichwa. Janelle alipata habari saa nne, akiwa amekumbatia mashuka ya watu wengine.

Jumatatu iliyofuata, basi liliposimama kwenye njia panda ya nyumbani, pikapu ya Emil ilikuwa nyuma yake, taa zinawaka. Basi likaondoka, nayo ikaondoka. Alilifuata maili zote arobaini na sita. Akakaa kwenye maegesho ya shule na juisi na sindano ya kupandisha sukari kwenye sanduku lake la chambo cha samaki, mpaka saa tisa, akalifuata tena kurudi. Na kesho yake. Na kesho kutwa. Hakumwambia Janelle kitu, na Janelle hakumwambia asante wala acha. Mkuu wa shule ya Ostrander aliandika barua kwamba mzee hawezi kukaa karibu na uwanja wa watoto siku nzima, basi akasogeza gari ng'ambo ya barabara. Shamba lilianza kuota magugu, yakakauka yakasimama hivyo hivyo.

Desemba ikafika. Kulikuwa na giza bado na baridi ya kupasua midomo. Basi lilikuwa limechelewa, na Tessa alikuwa amekaa kwenye pikapu na babu yake wakisubiri, kioo kimejaa ukungu. Emil alishusha dirisha, akampa Janelle bahasha kutoka kwenye dashibodi.

"Nisomee. Miwani nimeiacha."

Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake, Janelle aliiona. Alifungua. Ilikuwa hati ya kodi ya ardhi, ya kwanza tangu waungane na Ostrander.

"Imepungua kiasi gani?" aliuliza mzee.

Janelle alisoma mara ya pili, akielekeza karatasi kwenye taa ya gari. Watu wa Ostrander walijenga ukumbi mpya wa michezo miaka mitatu nyuma, kwa deni la miaka ishirini. Aliyeungana nao aliungana na deni lao.

"Babu, basi," alisema Tessa.

"Imeongezeka, baba," alisema Janelle. "Elfu ishirini na moja."

Emil aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayekubaliana na bei. Alimvalisha mtoto kofia, akamfungulia mlango, akamtazama mpaka alipopanda ngazi za basi na mlango ukajifunga. Kisha akawasha gari.

Janelle alibaki kando ya barabara na ile karatasi. Alizitazama taa nyekundu za basi, na nyuma yake taa nyekundu za baba yake, moja mbovu, mpaka zikawa nukta. Halafu akageuka, maana kazi yake ilikuwa upande wa pili.