Kibuyu cha Kurudishwa

Mpango mpya wa chupa ulipofika Mikinduri, Nkirote aliupenda siku ya kwanza. Ukinunua soda dukani kwake unalipia na chupa yake ya plastiki. Ukiirudisha tupu, pesa ya chupa unarudishiwa. Watu walinung'unika siku mbili tatu, wakazoea, na mitaro ya soko ikaanza kupitisha maji. Basi Nkirote, kwa bidii zake, akaingia mpaka jikoni kwa mama mkwe wake, Gatakaa, akazoa kila chupa iliyokuwa chini ya meza.

Kumbe hizo hazikuwa takataka. Zilikuwa chupa za maziwa ya wageni. Kwa Gatakaa mgeni haondoki mikono mitupu, iwe jua iwe mvua; akiondoka hivyo, ajue hakutakiwa.

Na mgeni wa Jumamosi hiyo alikuwa Kiende, mdogo wake Gatakaa aliyeolewa Siakago, huko Mbeere. Hawakuwa wamesemezana tangu wamzike mama yao. Kiende alikuja mwenyewe, bila kuitwa. Wakanywa chai, wakaongea habari za mvua na za magoti, na Gatakaa akafurahi mpaka akaogopa. Jua lilipoinama, Kiende akajifunga leso, akaaga.

Gatakaa akaingia jikoni, akainama chini ya meza. Hola.

"Nkirote, chupa zangu ziko wapi?"

"Nilizirudisha, mama. Lori lilizibeba jana." Nkirote akauona uso wa mama mkwe. "Nikimbie dukani?"

Gatakaa akachungulia nje. Kiende alikuwa anaelekea getini, anatembea polepole, hageuki nyuma.

Mama wa watu akaingia chumbani, akashusha ukutani kibuyu cha marehemu mama yao. Hicho hasa ndicho walichogombania siku ya mazishi, pasta akiwatazama, na Gatakaa akakipata kwa ukali wa mdomo tu. Akakisuuza, akakijaza maziwa, akamfuata mdogo wake mpaka getini.

Kiende alikitazama bila kukigusa. "Umenipa?"

"Sijakupa. Utakirudisha," Gatakaa akasema. "Na unajua kwetu chombo hakirudishwi kitupu."

Kiende akakipokea, akakikumbatia. "Nitakileta na asali ya Mbeere," akasema.

"Basi usikawie," Gatakaa akamwambia, naye analia waziwazi pale getini.